Ngumi Haihitaji Mkalimani?

Aghalabu husemwa kuwa ngumi haihitaji mkalimani. Yamkini fikra hiyo ndiyo iliyotawala mwezi wa Septemba 2023, kampuni ya Nintendo ilipoutoa nje ya Japani mchezo wa video uitwao Joy Mecha Fight. Mchezo huo wa mapigano ulikuwa umetolewa Japani pekee mwaka 1993, na kwa miaka 30 haukujulikana sana kwingineko. Ulivuka mipaka ukiwa na maandishi yale yale ya Kijapani.

Wapo watakaouliza: pana hasara gani? Mchezaji hubonyeza kitufe, roboti ikarusha konde, hasimu akaanguka. Hoja hiyo ina mashiko kiasi, kwani ufundi wa mchezo huu hujieleza wenyewe machoni. Ulitungiwa Famicom, mashine ya mwaka 1983 isiyoweza kuonyesha zaidi ya vipande vinane vya picha zisogeazo katika mstari mmoja wa kioo cha runinga. Watunzi wakaamua kuwanyima wapiganaji mikono na miguu. Kichwa, kiwiliwili, viganja na nyayo huelea tu hewani, navyo huenda kwa wepesi ambao mashine ile kongwe haikutarajiwa kuumudu. Wapiganaji ni 36, na hutambulikana kwa miondoko yao. Hapo, waama, lugha haina kazi kubwa.

Lakini shujaa ni nani? Ni Sukapon, roboti iliyoundwa ili kuchekesha watu. Profesa Walnuts alipotoroka na roboti saba akitaka kuutawala ulimwengu, mwenzake Eamon alibaki na hiyo moja tu, akalazimika kuigeuza mpiganaji. Mchekeshaji anapelekwa vitani! Kinaya hicho ndicho kiini cha kisa chote, nacho kimo katika maneno. Asiyejua Kijapani ataona roboti mbili zikitwangana. Kwa nini ni hiyo iliyotumwa, na kwa nini zinazoshindwa hujiunga nayo, hatang'amua. Atapata ngumi, ucheshi umpite.

Kutafsiri ucheshi ni kazi ngumu, hilo halina ubishi. Hata hivyo, maandishi ya mchezo wa mapigano si ya riwaya. Isitoshe, mashabiki walikwisha kuutafsiri mchezo huu kwa Kiingereza, tena kwa kujitolea, kabla ya mwaka huo wa 2023. Kampuni yenye kuajiri watafsiri ina udhuru gani?