Mzazi Akifunga Choo, Tazama Sahani Yake Kabla ya Kununua Dawa

Huenda nawe ni miongoni mwa watu ambao kila mwisho wa mwezi hubeba kifurushi kwenda kwa wazazi mashambani: unga mweupe wa gredi ya kwanza, mikate miwili, sukari, majani chai na, kwa kuwa mama amelalamika tena kuhusu tumbo, haluli kutoka duka la dawa. Nia yako ni njema. Hata hivyo, mimi huwaona wazee wengi wenye taabu ya kufunga choo, na nasema bila kuficha kwamba kifurushi hicho mara nyingi hubeba sehemu ya chanzo cha ugonjwa na tiba isiyofaa.

Kwanza tuelewane. Kukosa choo siku moja si ugonjwa. Wapo watu wenye afya njema ambao huenda haja kubwa mara tatu kwa siku na wengine mara tatu kwa wiki. Tatizo ni choo kigumu kama cha mbuzi, kujikamua kwa maumivu, au kwenda haja chini ya mara tatu kwa wiki.

Utumbo mpana hufyonza maji kutoka kwa mabaki ya chakula. Nyuzinyuzi zilizomo katika maganda ya nafaka, maharagwe, mboga na matunda huzuia maji yasikauke yote, na hivyo choo hubaki laini. Nafaka ikikobolewa ikawa nyeupe, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo hutupwa.

Jambo hili lilichunguzwa papa hapa kwetu. Dkt Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika na wenzake mnamo 1972 kwamba Waafrika wa mashambani waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi walipata choo kingi na laini kuliko Wazungu waliokula vyakula vilivyokobolewa. Ajabu ni kwamba leo sisi ndio tunaowapelekea wazee wetu chakula cha aina hiyo ya pili.

Lakini sahani peke yake haielezi kila kitu. Bwana mmoja alimleta kwangu mamake, ajuza wa zaidi ya miaka 70, ambaye alikuwa akimnunulia haluli kwa muda mrefu. Nilipomwuliza mama hunywa maji kiasi gani, alinyamaza. Mwanawe alipotoka nje, akasema: "Daktari, usiku choo kiko mbali na kuna utelezi. Naogopa kuanguka." Kwa sababu hiyo aliacha kunywa maji tangu adhuhuri. Maharagwe aliyaacha kwa kukosa meno ya kutafunia. Hakuwahi kumwambia mwanawe, kwani mama atamwelezaje mwanawe wa kiume habari za choo?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mzee huficha kwa heshima. Ikiwa wewe ni mwana wa kiume, mwombe dada yako au shangazi azungumze na mama. Na ikiwa mgonjwa ni baba, huenda mjomba au rafiki yake akafaa. Chunguza meno yake, taa, na njia ya kwenda chooni. Mama huyo alihitaji kigoda chenye ndoo chumbani usiku kuliko alivyohitaji haluli.

Kuhusu chakula, mbadilishie polepole kwa muda wa wiki kadhaa, maana nyuzinyuzi nyingi kwa ghafla hujaza tumbo gesi. Unga wa mahindi usiokobolewa, uliosagwa kwenye posho mill, ni bora kuliko ule mweupe. Uji wa wimbi au mtama asubuhi, ndengu au maharagwe yaliyopikwa yakalainika na kupondwa kwa asiye na meno, sukuma wiki, mchicha, viazi vitamu na kipande cha papai vyote vyafaa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa huwa na zaidi ya gramu 10.

Nyuzinyuzi bila maji huzidisha taabu. Mzee anywe maji mara kwa mara, hasa asubuhi na mchana ili usiku usimsumbue. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize daktari wake kiasi kinachomfaa. Baada ya kiamshakinywa aende chooni bila haraka, kwani utumbo huamka tumbo likipata chakula. Matembezi mafupi pia husaidia.

Tazama vilevile dawa anazomeza. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, vidonge vya madini ya chuma na dawa kali za maumivu hufunga choo. Usimwachishe, mpeleke kwa daktari zibadilishwe. Nayo haluli ya mara kwa mara humpotezea mzee maji na chumvi za mwili, na ni hatari kwa mwenye figo dhaifu. Zaidi ya hayo, mzee akianza ghafla kuvuja choo cha majimaji baada ya siku nyingi za kufunga, usimpe dawa ya kuzuia kuhara. Huenda choo kigumu kimeziba, na majimaji yanapita kandokando yake.

Mwisho, zipo dalili ambazo papai haliwezi kutibu: damu katika choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, au mabadiliko ya choo yanayoendelea kwa wiki kadhaa. Hizo huenda zikawa dalili za saratani ya utumbo; usizisingizie bawasiri kabla hajapimwa. Akitapika huku tumbo limevimba na hata hewa haitoki, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo mwezi huu, kabla ya kufunga kifurushi, toa haluli, utie ndengu na unga wa wimbi. Na ukifika, keti na mzazi wako mle pamoja, uone anachokiacha sahanini.