Mdudu Hajazuia Chochote

Mradi wa barabara ukikwama, au mtaa mpya wa nyumba ukichelewa kupata kibali, siku hizi lawama humwangukia kiumbe asiyeweza kujitetea. Mdudu tu, watu husema, tena wa kwenye tope, anazuiaje maendeleo ya binadamu? Imani hii nimeikuta kwa madereva wa daladala na kwa wenye shahada tatu. Wote wanaamini kwamba sheria za kulinda viumbe adimu zimempa mende nguvu kuliko mwananchi. Si kweli, na hesabu zipo.

Twende Lincoln, makao makuu ya jimbo la Nebraska, Marekani. Ni katikati ya bara, bahari iko mbali kila upande, lakini maji ya chumvi hupanda kutoka kwenye miamba ya chini ya ardhi na kutokeza mabondeni. Jua likiyakausha, huacha utando mweupe juu ya tope, kama majaruba ya chumvi ya pwani yetu. Chumvi hiyo ndiyo iliyowavuta walowezi wa kwanza, na mji ulipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1867, wengi walitarajia utajiri wa chumvi hiyo. Biashara haikufika mbali. Ardhioevu ile ya mabondeni, iliyokadiriwa kuzidi ekari 20,000, ikaanza kuonekana kama ardhi iliyolala bure.

Humo ndimo anamoishi mbawakawa wa Salt Creek, ambaye wanasayansi humwita Cicindela nevadica lincolniana. Urefu wake ni sentimita moja na kitu. Ana rangi ya kahawia iliyokolea yenye mng'ao wa kijani, miguu mirefu, na taya za mwindaji. Mkubwa huonekana kwa wiki chache tu za kiangazi. Sehemu kubwa ya maisha yake, kama miaka miwili, huipitisha akiwa buu ndani ya kishimo, kichwa kikiwa mlangoni, akivizia mdudu apite amkamate. Kishimo hicho hakichimbwi popote tu. Anataka tope la chumvi, lenye unyevu, lisilofunikwa na majani. Duniani kote hajulikani kuishi kwingine ila eneo hilo la Lincoln.

Sasa tazameni nani alimzuia nani. Ili kukinga mji na mafuriko, kijito cha Salt Creek kilinyooshwa. Maji ya kijito kilichonyooshwa hukimbia, na yakikimbia hukata kitanda chake kwenda chini. Kitanda kikishuka, maji ya ardhini ya pembeni nayo hushuka, na chumvi haifiki tena juu. Mvua husafisha iliyobaki, majani ya kawaida yanaota, na mbawakawa hana pa kutagia. Kwingine hawakusubiri hata hayo: walijaza vifusi, wakajenga. Taa za mji nazo huwavuta wadudu hao usiku, wakati ambao wangekuwa wanataga. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhioevu hiyo ya chumvi imeharibiwa au imechakaa.

Mwaka 1993 wahesabuji waliwaona wakubwa 115. Mwaka 2002 walipanda hadi 777, na mwaka 2005 wakashuka tena hadi 153. Ndipo serikali ya Marekani ikamtangaza kuwa hatarini kutoweka. Eneo muhimu kwa uhai wake liliwekwa ekari 1,933 mwaka 2010, kisha mwaka 2014 likapunguzwa hadi 1,110. Yaani yule anayedaiwa kuwapokonya watu ardhi alitengewa sehemu ndogo sana ya makazi yake ya zamani, na hata hiyo ikamegwa. Lincoln yenyewe ilikaribia watu 300,000 katika sensa ya mwaka 2020. Maendeleo gani yaliyozuiwa hapo?

Najua swali linalofuata: ana faida gani? Sitaki kuingia mtego huo wa kubuni dawa ya saratani ndani ya tumbo la mbawakawa. Faida ninayoweza kuitetea ni ya ushahidi. Mdudu mwenye masharti makali kiasi hicho akiwepo, maana yake maji bado yanapanda na kushuka inavyotakiwa. Akitoweka, mfumo mzima wa maji umevurugika, na mafuriko hayatamuuliza mtu kama alipenda wadudu.

Watanzania tuna kesi yetu. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umekwisha kuanza. Makazi yake yalikuwa hekta chache zilizoloweshwa na mvuke wa maporomoko katika korongo la Kihansi. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo. Tukaweka mabomba ya kunyunyizia maji, tukawasafirisha vyura 499 kwenda Marekani, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Wazao wa wale waliosafirishwa walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza. Fedha za kazi hiyo yote ndizo tunazozifanyia mzaha tukisema zimetumika kwa vyura. Hatuzidai kwa waliotangulia kujenga kabla ya kujua kilichomo bondeni. Na umeme? Uliwaka tangu mwanzo.

Kwa hiyo mkiitwa kwenye mkutano wa tathmini ya athari kwa mazingira, mwenye mradi akasimama kulalamika kwamba mdudu anachelewesha kazi, mwombeni ataje mambo mawili: mdudu huyo ametengewa ekari ngapi, na utafiti wa eneo ulianza lini kabla ya tingatinga kufika. Asipoweza kujibu, msimpe saini zenu.