Mtoto Huyu Si Mvivu, Anakosa Pumzi



Kuna usemi ambao tungepaswa kuuondoa vinywani mwetu: «Ni kifua tu.» Mama anautamka mtoto anapokohoa usiku wa tatu mfululizo; mwalimu anautamka mtoto anapoketi chini katikati ya mchezo; nasi viongozi wa vijana tunautamka, tena kwa kicheko, mtoto wa Kizito-Anuarite anapobaki nyuma katika matembezi. Tunamwita mvivu. Miaka inapita, na hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa wake: pumu.

Tutazame mahali tunapoishi. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima uliomwaga moto wake katikati ya mji mwaka 2002 na kuufikisha tena ukingoni Mei 2021. Vumbi jeusi linalotimuliwa na magurudumu linaingia katika nyumba zetu za mbao, na humo ndani, mvua inaponyesha, mbabula ya makala inawashwa hatua mbili kutoka godoro la watoto. Taka zinachomwa uani. Chukudu inayobeba magunia ya makala tunaisifu kama fahari ya mji. Moshi wa makala hayo hatuuzungumzii. Baba Mtakatifu Fransisko aliuzungumzia mwaka 2015, katika waraka wake Laudato si', namba 20, alipowataja watu wanaougua kwa kuvuta moshi wa jikoni.

Pumu mara nyingi hufuata ukoo, wala haiambukizi. Moshi na vumbi huichochea. Mtoto hukohoa hasa usiku na alfajiri, kifua chake hulia kama filimbi, hubanwa akikimbia, kisha hupata nafuu kana kwamba hakuna kitu, kisha hali hurudi ileile. Nafuu hiyo ndiyo inayotudanganya. Anapewa antibiotiki, ambayo haitibu pumu. Anapewa sirupu, chupa baada ya chupa. Mwingine anakatwa kilimi kwa wembe. Na pengine jirani anatuhumiwa kwamba amempa mtoto sumu, hata familia mbili za shirika moja zikaacha kupeana amani katika Misa!

Wengine watasema: tumwombee. Naam, tumwombee. Lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamwagiza mgonjwa amwombe Mungu na pia ampe mganga nafasi yake. Anayemnyang'anya mtoto dawa yake ya kuvuta katika mkesha wa maombi, akiiita ishara ya imani haba, hafundishi Injili. Anacheza na uhai usio wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliwaua watu 455,000, wengi wao katika nchi maskini kama yetu.

Umaskini, basi, ni hoja nzito, nami sitaidharau. Hata hivyo, familia ijumlishe fedha za sirupu, za antibiotiki na za mkata kilimi kwa mwaka mzima, ndipo iseme kwamba dawa ya pumu ni ghali. Tena mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako na dawa ya kuvuta ikakazwa humo vizuri, inamfikishia mtoto dawa sawa na kifaa kinachouzwa kwa kazi hiyo. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuitengeneza.

Nasi ndani ya Kanisa tusijifiche. Mtumishi wa altare anayebanwa na moshi wa chetezo hutolewa nje kama mkorofi. Siupingi uvumba, naomba tu asiyeuweza apewe msalaba aubebe, akae mbali na moshi.

Katika mkutano ujao, kila kiongozi afikirie watoto wa kundi lake: nani anakohoa usiku, nani hukaa pembeni wengine wanapokimbia? Aende kwa mzazi wake kwa heshima, asiende kama mwenye kujua kuliko mama, na ajitolee kumsindikiza kwenye kituo cha afya. Huko wamweleze muuguzi jinsi kikohozi kinavyokuja na kuondoka, waombe kifua kikuu nacho kipimwe, kisha waulize waziwazi: «Je, yaweza kuwa pumu?» Akijibu kwamba ni kifua tu, waulize mara ya pili.