Mtambo Uulizwe Kabla Haujanyamaza
Katika mitambo ya SAGE, ambayo jeshi la anga la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1958 kulinda anga la nchi hiyo, kompyuta zilikuwa mbili kila kituo, na ile iliyopumzika haikuachwa bure, bali ilipitishiwa programu za majaribio huku volti zikipandishwa na kushushwa kwa makusudi, ili vali ya kielektroniki ndani yake iliyokwisha kudhoofu idhihirishe udhaifu wake mapema. Nami naiafiki hekima hiyo kwa moyo wote, kwani fundi angojaye hitilafu ijitangaze huipokea saa ya hatari, na programu isemayo chombo ni kizima pasipo kukitaabisha haijathibitisha lolote. Wakuu wanaopunguza muda wa majaribio huwadhulumu askari waliokabidhiwa chombo hicho.