Hukuchaguliwa. Je, Kesho Utakuja Kazini?



Barua yenyewe ina mistari mitatu. Asante kwa kuomba kazi hii. Safari hii hukufaulu. Tunakutakia heri katika kazi yako ya sasa. Haina sababu, haina alama, na mara nyingi haina hata sahihi ya mtu, ni muhuri wa ofisi tu. Siku hizi pengine haiji kwa karatasi, inakuja kwa simu, na mtu huisoma amesimama penye mashine yake, mikono imejaa grisi, na wenzake wote wanamtazama uso.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu tumechoka na mashauri yanayotolewa juu yake. Mkubwa wa kazi husema: vumilia, shukuru kwamba una kazi, jaribu tena mwakani. Mwenzako wa zamu husema: hapa bila kabila hupati kitu, kazi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Wa tatu husema: Chama kimekufanyia nini, acha kulipa ada. Wote watatu hujiona wamemfariji mtu. Sisi tunasema wote watatu wamemwacha pale pale barua ilipomwacha, yaani peke yake.

Mtu mwenyewe kila mmoja wetu anamjua. Nyapara wa zamani alipostaafu, aliambiwa akaimu ufomeni kwa muda kidogo. Muda kidogo ukawa mwaka na zaidi. Ndiye aliyefungua stoo alfajiri, ndiye aliyegawa zamu, ndiye aliyewafundisha vijana namna ya kusikiliza mashine kabla haijavunjika. Halafu tangazo likabandikwa ubaoni: nafasi ya fomeni, waombaji wa ndani. Akavaa shati jeupe, akaketi mbele ya watu wanne, na wawili kati yao hawajapata kukanyaga karakana ila siku ya wageni. Wakamwuliza: unajiona wapi baada ya miaka 5? Hilo ni swali ambalo mashine haijapata kumwuliza fomeni yeyote. Akajibu alivyoweza. Baada ya majuma mawili ikaja ile barua ya mistari mitatu, na Jumatatu iliyofuata akaitwa ofisini akaambiwa: huyu ndiye fomeni mpya, tafadhali mwonyeshe kazi.

Mwonyeshe kazi! Hapo ndipo sumu ilipo. Kama hajui kazi, atamwonyesha nani? Na kama anaijua hata aweze kumfundisha aliyemshinda, basi alishindwa kitu gani?

Wakubwa wakiona mtu huyu amenyamaza siku tatu, husema ana moyo mwepesi. Kampuni nyingine huleta mwalimu kutoka mjini na picha zake za ukutani, awafundishe watu kutwa nzima habari ya kujiamini na kupunguza mawazo. Hatuna ugomvi na mwalimu. Na yeye anatafuta mkate wake. Lakini mtu aliyenyimwa sababu hawezi kuponywa kwa chai na maandazi. Angepewa sababu kwanza, pengine asingehitaji mwalimu.

Tena tuseme wazi kwa nini maumivu haya yanapita yale ya kukataliwa mahali pengine. Ukienda kuomba kazi kwa watu wasiokujua wakakukataa, unapanda matatu, unarudi nyumbani, hutawaona tena. Hapa waliokukataa ndio utakaowaamkia asubuhi. Wanakujua. Wameiona kazi yako miaka 9 au 12, na baada ya kuiona wamesema hapana. Na mtu amekwisha ihesabu nyongeza kabla haijaja: ameuliza mkopo katika sako, amemwahidi mtoto shule ya bweni, mama wa nyumbani amekwisha mwambia dada yake. Sasa ni lazima awarudie mmoja mmoja akiwaambia bado. Huo si moyo mwepesi. Ni mzigo, na una kilo zake.

Basi afanye nini? Tutasema tunavyoona sisi, na asiyekubali aseme mkutanoni.

Usiku ule asiandike barua ya kuacha kazi. Wako waliokwisha iandika, wakaipeleka asubuhi, na bwana mkubwa akaipokea kwa mikono miwili, kwa maana imemwondolea mtu wa miaka mingi bila kumlipa senti ya kumpunguza kazini. Asiende vile vile kuandika matusi katika kikundi cha simu cha idara, kwa sababu maandishi yale hayafi, na siku moja yatasomwa mbele ya watu wa nidhamu. Aende nyumbani, amwambie mwenzake wa nyumbani habari yote, pamoja na ile ya mkopo. Aibu ikifungiwa chumbani inaota.

Asubuhi aje kazini. Tunajua ni vigumu. Aje saa yake, afanye kazi yake kama alivyoifanya juzi, si kwa kumpendeza mkubwa bali kwa sababu rekodi yake ndiyo silaha yake, na mtu hatupi bunduki katikati ya vita kwa hasira. Akianza kuchelewa, akianza kuharibu vitu, mwezi ujao watasema: mnaona, ndiyo maana hatukumpa.

Na amwamkie yule aliyepata. Hapa baadhi ya wanachama hukunja uso. Lakini mtazameni yule aliyepata ni nani. Mara nyingi ni mwenzetu, alikuwa katika daftari la Chama hata jana. Yeye hakuketi katika ile paneli, yeye aliomba kazi kama wengine. Kumwita kibaraka tangu siku ya kwanza ni kumsukuma upande wa pili kwa mikono yetu wenyewe. Na wakubwa wanajua vizuri kwamba mapatano mengi ya kazi yana mpaka, kutoka cheo fulani kwenda juu mtu hahesabiwi tena katika Chama. Kwa hiyo kila wanapompandisha mmoja wetu, tunapungua mmoja, na kama tutampandisha kwa matusi, tutakuwa tumempoteza mara mbili. (Hata hivyo wako waliopata ufomeni wakapoteza ovataimu, na mwisho wa mwezi mshahara ukawa mwepesi kuliko wa fundi. Hatusemi hivi kama yule aliyesema sizitaki mbichi hizi. Tunasema tu hesabu ipigwe kabla ya kulia.)

Sasa neno lisilopendwa. Si kila anayekosa ameonewa. Kazi ni moja na waombaji ni 11, kumi ni lazima wakose hata kama malaika ndiye mwenye kuhukumu. Pengine aliyepata anajua kusoma michoro kuliko wewe. Pengine alisoma jioni miaka miwili wakati sisi tulikuwa tukitazama mpira. Chama kikisimama kumtetea kila aliyekosa, kitamtetea nani dhidi ya nani, maana mwenye kupata naye analipa ada? Chama hakina kazi ya kumtafutia mtu fulani kiti. Kina kazi ya kuona kwamba njia ya kwenda kwenye kiti inaonekana na watu wote, na kwamba aliyekosa anaambiwa amekosa kwa nini.

Hilo ndilo tunalolitaka, na ndilo wanalolikataa. Wanasema: maneno ya paneli ni siri. Wanasema: huyu hajawa tayari.

Neno hili "hajawa tayari" wazee wetu walilijua sana. Zamani za ukoloni Mwafrika hakuitwa hata kwenye mahojiano, ngazi ilikuwa na rangi. Tume ya Holmes, mwaka 1948, iliona ni haki mtu asiye Mzungu, akishika kazi ile ile ya Mzungu, apewe sehemu 3 katika 5 za mshahara wake. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo Tume ya Lidbury iliposhauri ngazi za mishahara zisipangwe kwa rangi, na hata baada ya hapo watu waliendelea kuambiwa hawajawa tayari. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi, na alilipwa kidogo kuliko Mzungu aliyefanya ukaguzi ule ule. Yeye na wenzake walikichukua kile chama cha watumishi Waafrika wa Halmashauri wakakigeuza kuwa chama cha wafanya kazi cha kweli. Hakuna aliyewapa semina.

Leo ngazi haina rangi katika karatasi. Lakini kama mlango umefungwa na hakuna anayeruhusiwa kuuliza umefungwa kwa nini, mtu wa nje atajuaje kama ndani kuna rangi, au kabila, au shemeji? Kwa hiyo yule mwenzetu anayesema "ni kabila tu" hatumwambii ni mwongo. Tunamwambia alete ushahidi, na tunawaambia wakubwa kwamba wao ndio wanaompa neno lile kwa kuficha. Siri ndiyo inayozaa ukabila kazini, hata pale ambapo mwenye kuchagua alichagua kwa haki.

Wala hatuombi hisani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, sehemu ya 5, inakataza ubaguzi, na si katika kuandika watu tu, bali katika mafunzo na katika kupandisha vyeo pia: kwa rangi, kwa kabila, kwa kuwa mwanamke, kwa mimba, kwa dini, kwa ulemavu, kwa ugonjwa wa ukimwi na mengine. Na sheria hiyo ina neno moja ambalo wanachama wengi hawalijui: kesi ya ubaguzi ikifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuonyesha kwamba hakubagua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inampa mtu haki ya kuomba kuona habari zake mwenyewe zilizowekwa na ofisi. Na kwa watumishi wa Serikali walio chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, sheria ya mwaka 2017 inasema kukaimu kusipite miezi 6. Kama miezi 6 inawatosha watumishi wa Serikali, kwa nini sisi tukaimu mpaka tuote mvi?

Dada zetu wana kisa chao katika jambo hili, nacho hakitoshi kuandikwa kwa mistari miwili, lakini tuseme hili: mwanamke akiulizwa katika intavyu kama ataendelea kuzaa, asinyamaze akidhani ni mazungumzo tu. Aandike swali lile, tarehe, na jina la aliyeuliza, siku ile ile.

Maana kuandika ndiyo kazi ya kwanza ya aliyekosa, baada ya kulala. Ndani ya juma moja aandike barua fupi, bila hasira, bila kumtaja aliyepata, akiuliza mambo matatu: vipimo vya kazi ile vilikuwa nini, yeye alipungukiwa wapi, na mafunzo gani yatamfikisha. Barua ipelekwe mikononi, nakala itiwe muhuri wa kupokelewa. Wakijibu vizuri, amepata faida, anajua la kufanya kabla ya nafasi nyingine. Wakijibu vibaya au wakinyamaza, kimya chao kina tarehe, na tarehe ni kitu ambacho mjumbe wa tawi anaweza kuingia nacho katika mkutano wa malalamiko. Bila karatasi mjumbe anaingia na maneno ya kantini.

Nasi kwa upande wetu, mapatano ya kazi yatakapofunguliwa tena, tunataka yaandikwe haya. Tangazo likae ubaoni siku 14, na vipimo viandikwe juu yake kabla ya mtu yeyote kuulizwa swali, tena miaka ya kazi iwe na alama zake, na ukaimu uwe na alama zake. Awepo mtu mmoja katika paneli anayeijua kazi yenyewe kwa mikono. Mjumbe wa Chama aketi akitazama, bila kura. Na kila aliyekosa apewe sababu kwa maandishi. Wakubwa watasema hii ni kuingilia uongozi. Walisema hivyo hivyo kila mahali tulipotaka mtu asifukuzwe kabla ya kusikilizwa, na leo kusikilizwa kwanza ni sheria ya nchi.

Aliyeambiwa amfundishe fomeni mpya tunamshauri asikatae, kukataa amri kutamtia makosani. Amfundishe, lakini aandike siku na saa alizofundisha, na aulize kwa barua kama kufundisha ni sehemu ya kazi yake na kunalipwa kwa kiwango gani.

Mwanachama aliyepokea barua ya mistari mitatu mwaka huu ailete kwa mjumbe wake kabla ya mkutano wa tawi, pamoja na nakala ya tangazo la kazi kama anayo. Kama tangazo limekwisha bandurwa, aje na mtu mwingine aliyelisoma.