Ati Hatuna Waigizaji!

Hakuna Mtanzania mgeni wa Doha ambaye hajafika Abu Hamour akapiga picha chini ya kibao cha Dar Al Salam Mall, akaituma nyumbani watu wacheke. Ijumaa iliyopita tulitoka sinema hapo, familia kadhaa, tukakaa kunywa chai ya karak huku watoto wakikimbizana. Bwana mmoja wa kwetu, mhasibu, mtu mwenye heshima zake, akaweka kikombe chini, akanigeukia mimi kwa kuwa anajua naandika. "Dada, tuseme ukweli tu. Waingereza wana waigizaji. Sisi tuna wachekeshaji." Meza nzima ikaitikia.

Kauli hiyo nimeisikia Dar es Salaam, nimeisikia Nairobi, na sasa imenifuata mpaka Ghuba. Nimeichoka. Anayeitamka huwa hajui kitu kuhusu waigizaji wa kwao, na kutojua kwake ndiko anakokugeuza kuwa ushahidi.

Mhasibu wetu, tumpe haki yake, anawajua Waingereza. Atakwambia Judi Dench alianza na Ophelia katika kundi la Old Vic mwaka 1957. Atakwambia Benedict Cumberbatch alicheza Hamlet ukumbi wa Barbican mwaka 2015. Ian McKellen alipoanguka kutoka jukwaani London, Juni 2024, alikuwa na umri wa miaka 85, na mhasibu wetu alifuatilia afya yake kwa siku kadhaa utadhani ni baba yake mdogo. Kila mwezi analipia aone michezo ya London iliyorekodiwa. Hayo yote ni halali yake, na mimi mwenyewe Maggie Smith alipofariki Septemba 2024 nilihuzunika. Lakini nilipomwomba anitajie mwigizaji mmoja tu wa kundi letu la Dar es Salaam, Muungano Cultural Troupe, mmoja, akaanza kuniuliza bei ya tiketi za ndege za Desemba.

Basi na niseme neno langu, nitalirudia mpaka liingie: mwigizaji hukuzwa na anayemfuatilia. Judi Dench wa 1957 alikuwa binti mgeni jukwaani kama mabinti wengine. Kulikuwa na watu waliokata tiketi mwaka ule, wakakata na mwaka uliofuata, wakabishana juu yake kwenye magazeti, wakawasimulia watoto wao. Sisi wetu siku hizi tunawatazama bure, tunacheka, tunafuta machozi ya kicheko, kisha tunauliza, "Hivi yule jamaa anaitwa nani?"

Hoja yao kubwa ni jukwaa. Eti Mwingereza amepikwa jukwaani akaiva, ndiyo maana akija kwenye filamu anatulia, na wetu wameokotwa mtaani. Anayesema hivi alikuwa wapi miaka ya 1980 na 1990? Dar es Salaam ilikuwa na kundi la DDC Kibisa, ikawa na Muungano, ikaja TOT ya Kapteni John Komba. Jioni moja walikupa ngoma, sarakasi, ngonjera, kichekesho na igizo, mbele ya watu waliolipa kiingilio, wenye bia mezani na midomo isiyo na breki. Maigizo mengi hayakuwa na maandishi. Mwigizaji alipewa kisa, akapanda, na mtu wa meza ya mbele akimtupia neno ilibidi alijibu palepale bila kutoka kwenye uhusika. Mpeleke huko huyo bingwa wako wa Barbican, ambako hata simu watazamaji huombwa wazizime!

Jukwaa lilikuwepo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake Kinjeketile mwaka 1969, na wengi wetu tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Waulize waliofaulu huo mtihani nani aliwahi kumwigiza Kinjeketile jukwaani. Hamlet wanaweza kukuorodheshea watano.

Na kuna hoja ya pili, nayo naipenda kwa jinsi isivyo na miguu. Ni hoja ya lafudhi. Eti Mwingereza anaweza kubadili lafudhi yoyote. Haya, Laurence Olivier, aliyeitwa mkubwa kuliko wote, mwaka 1966 alijipaka rangi usoni akamwigiza Mahdi wa Sudan katika filamu Khartoum. Itafute uitazame, ikiwezekana ukiwa na jirani Msudani, kisha uniambie habari za lafudhi. Halafu tazama upande huu. Benson Wanjau wa Kenya, ambaye nchi nzima ilimwita Mzee Ojwang, alikuwa Mkikuyu. Kwa miaka mingi, kwenye vipindi vya televisheni vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, alizungumza Kiswahili cha Mjaluo, akivuta vokali, akipindisha "sh" ikawa "s", mabega yamepanda, mdomo umebenuka kabla hata hajasema, na Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo, pembeni akimchochea. Watazamaji kibao waliamini ni Mjaluo halisi. Mwingereza akifanya hivyo kwa filamu moja tu anapewa tuzo na mahojiano ya kueleza jinsi alivyoteseka kujifunza. Mzee Ojwang aliishi humo. Alipougua macho, Wakenya ikabidi wamchangie matibabu. Alifariki Julai 2015, na leo huyu bwana ananiambia hao ni wachekeshaji. Kuchekesha ndiyo kazi ngumu kuliko zote, muulizeni aliyewahi kujaribu. King Majuto wa Tanga alikuwa anaingia tu mlangoni, hajatamka neno, watu wameshashika mbavu.

Wakishindwa hapo wanakimbilia kwa Lupita. Si ndiye alifanya kazi ndogondogo kwenye filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, akakutana na Ralph Fiennes, akatiwa moyo? Kwa hiyo Mwingereza ndiye aliyetuvumbulia! Jamani. Lupita Nyong'o alikuwa ameshacheza Juliet jijini Nairobi, na kundi la Phoenix Players, akiwa na miaka 14. Kundi lile halikufika mbali mno, na si kwa kukosa vipaji. Tiketi alikuwa hanunui nani?

Na wale waigizaji wenyewe mnaowaita Waingereza, mmewaangalia asili zao? Ben Kingsley alizaliwa Krishna Bhanji, babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo Zanzibar na baba yake aliishi huko hadi alipokwenda Uingereza akiwa kijana wa miaka 14. Daniel Kaluuya, aliyechukua Oscar mwaka 2021, wazazi wake ni Waganda. Ncuti Gatwa, aliyeigiza katika Doctor Who, amezaliwa Nyamirambo, Kigali. Sisemi ni wetu, na hapa nitoke kidogo nje ya barabara: ile tabia ya kumdandia mtu akishapata tuzo, tukamtafutia na ukoo na kijiji, inanikera kuliko hata kauli ya mhasibu. Wamekulia kwingine na kazi yao ni ya huko. Ninachosema ni kwamba kipaji hakikuwa cha damu ya Kiingereza. Kilikuta watu wanaofuatilia, kikakua.

Wakati mwingine hata kilichokua kwetu hatukioni. Mwaka 2010 ilitoka filamu The First Grader, kisa cha Kimani Maruge aliyeanza darasa la kwanza akiwa mzee wa miaka 84. Mwalimu wa Kikenya aliigizwa na Naomie Harris wa London, ambaye baada ya miaka miwili akawa Moneypenny kwenye filamu za James Bond, na ukimtaja hapa Doha kila mtu anamjua. Maruge mwenyewe, aliyeibeba filamu nzima mabegani, ni Oliver Litondo, Mkenya. Wangapi mnalijua hilo jina? Na mwaka 2012, ukumbi wa Globe jijini London ulipoita michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, Kiswahili kilikuwemo, kikundi kutoka Nairobi kilipanda na The Merry Wives of Windsor. Mhasibu wetu anayeijua Globe nguzo kwa nguzo hakuwa na habari.

Usiku wa Ijumaa hiyo nilirudi nyumbani nikakuta runinga iko kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Sauti ya yule mama mkwe ni mwigizaji hasa, anang'ata maneno mpaka unamchukia kwa dhati. Jina lake sijui, halitajwi popote ninapoweza kuliona. Hata Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, nchi nzima ilimjua Mkwaju dereva wa lori. Aliyempa Mkwaju sauti, je?

Anayedhani Waingereza wana siri nyingine atazame walichofanya papa hapa Doha. Wana kikundi cha ridhaa, Doha Players, kilichoanzishwa mwaka 1954. Ni watu wenye kazi zao za mchana ambao jioni hushika daftari la mazoezi. Machi 19, 2005, wakiwa katikati ya Twelfth Night, gari lenye mabomu lililipuliwa kwenye ukumbi wao, Mwingereza mmoja akafa. Kikundi kiliendelea baada ya hapo. Na waliokuwa wanakaa kwenye viti wakati wote huo ni majirani, wake, waume na wafanyakazi wenzao, waliolipa kumtazama mtu wanayekutana naye dukani. Sisi Waafrika Mashariki tumejaa mji huu, tuna vyama, tuna kamati, tuna makundi ya WhatsApp yasiyolala, tunachanga kwa mashindano ya urembo na suti za sare, na mimi sijaalikwa hata mara moja kwenye mchezo wa kuigiza wa Kiswahili.

Kwa hiyo ninawaomba wenyeviti wa vyama vyetu hapa Doha: Desemba hii, sherehe za uhuru zikifika, acheni kumlipa MC wa kuwapigia kelele kwa saa tano. Chukueni Kinjeketile, ombeni kibali, tafuteni vijana kumi kati ya walinzi, madereva na wauguzi wetu, wapeni wiki nane za mazoezi. Wekeni kiingilio cha riali 30, na majina yao yaandikwe makubwa kwenye tangazo. Tiketi ya mhasibu nitainunua mimi.