Chombo Kingojacho Upepo

Miji ya Gitega na Muyinga iko mbali na bahari, na wengi wa wakazi wake hawajapata kuionja chumvi ya bahari ila jikoni. Hata hivyo zimo nyumba katika miji hiyo ambazo baba au mwana alilala miezi mingi ugenini karibu na mawimbi, kwa kuwa vikosi vya Burundi vilipelekwa Mogadishu kuanzia Desemba 2007, vikakaa Somalia hadi mwisho wa mwaka 2024. Askari aliyelinda pwani ile mwezi wa Juni au Julai aliweza kuona vyombo vya mbao vimevutwa mchangani, wala hakuna aendaye popote. Asiyejua mambo ya bahari hudhani wenyewe wamepumzika.

Bahari ya Hindi ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi huanza yapata Aprili ikaendelea hadi Septemba, nayo ndiyo iliyoyarudisha. Lakini katikati ya kusi upepo huwa mkali mno, na Wasomali husema bahari imefungwa. Nahodha mwenye akili ama ameondoka mapema, ama hungoja hadi Agosti ielekee kwisha.

Na chombo kikaacho bila kutunzwa huharibika upesi kuliko kisafiricho. Adui wake wa kwanza ni mdudu wa baharini, laini mfano wa mnyoo, atoboaye mbao zilizo chini ya maji. Tundu lake la kuingilia ni dogo kama ncha ya sindano, na humo ndani hula kwa siri hata ubao ukabaki ganda tupu. Kwa hiyo mabaharia hungoja bamvua, maji yajaapo kupita siku nyingine, wakakipandisha chombo pwani. Maji yakitoka hukisimamisha kwa magadi, yaani nguzo za kukiegemeza ubavuni, kisije kikalala upande. Hukwangua makombe na mwani, kisha huwasha makuti makavu na kuupitisha moto chini ya chombo, ili joto limwue mdudu aliyejificha. Kazi hii hutaka mkono mwepesi, maana moto ukizidi huunguza mbao zenyewe.

Ndipo fundi wa kukalafati ashikapo chembeu na nyundo, akashindilia pamba yenye mafuta katika kila ufa baina ya mbao. Mwisho, sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo aliyepata kuyanusa hayasahau.

Adui wa pili ni mvua. Maji ya chumvi huhifadhi mbao, bali maji baridi huziozesha. Kwa hiyo ngama hufuliwa kila baada ya mvua, na sitaha humwagiwa maji ya bahari ili jua lisizikaushe mbao zikaachana. Tanga nalo halikunjwi likiwa bichi. Familia za kambini Gitega na Muyinga zaijua adha hii kwa mahema: turubai likikunjwa na unyevu katika mvua za Machi na Aprili, hufunguliwa likiwa na ukungu mweusi na harufu mbaya.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa njaa. Mabaharia wa majahazi hawakupewa mshahara wa mwezi bali fungu la faida ya safari, na siku za kungoja hazina faida. Watoto nyumbani walikula kwa deni. Nahodha aliyejua deni hilo alishawishika kuiharakisha kazi ya kalafati na kuondoka kabla ya wakati. Na pamba iliyoshindiliwa vibaya haionekani bandarini, huonekana usiku katikati ya bahari.

Tanga limepata kujulikana hata karibu na Burundi. Machi 1858 Mwingereza Speke alivuka Ziwa Tanganyika hadi kisiwa cha Kasenge akitaka kukodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim, asilipate. Yeye na mwenzake Burton wakaenda Uvira kwa mitumbwi. Ziwani hakuna mdudu yule, kwa kuwa huishi katika maji ya chumvi. Lakini huko maji yote ni baridi, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Kijana wa Muyinga apelekwaye Rumonge kulinda ziwa na ayaangalie maji yatuamayo baina ya mataruma ya mashua, kwani kuoza huanzia hapo.

Huko pwani, kusi ikipungua, chombo hushushwa kwa bamvua nyingine. Hakiondoki siku hiyo. Hutiwa nanga ili mbao zinywe maji na kuvimba, na asubuhi nahodha hushuka mwenyewe kuitazama ngama. Maji yakiwa yamezidi, hukipandisha tena mchangani na kuagiza pamba iletwe, hata kama upepo umekuwa mzuri na wenziwe wamekwisha kutweka.